Chuma Mwilini: Nani Atawahi Kukaa, Mfupa au Vijidudu?

UKURASA WA AFYA

Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alinisubiri penye mlango wa kanisa mpaka watu wakapungua.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina, mama. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani hakuna habari nyingine, Sista, ni mguu tu."

Mwanawe ni dereva wa bodaboda. Miezi mitano iliyopita aligongwa, akavunjika muundi, na mfupa ukatoboa ngozi. Hospitali walimsafisha, wakamwekea chuma ndani ya mfupa, na baada ya siku chache akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kidonda kilifunga, wote wakashukuru. Lakini sasa penye kovu pametokea kitundu kidogo kinachotoa usaha. Kinafunga siku tatu, kisha kinafunguka tena. Ukoo umekaa kikao. Wajomba wanasema chuma ndicho kinachoozesha mguu, kitolewe mara moja na kijana apelekwe kwa fundi wa mifupa kijijini. Baba yake anasema wanunue tena vidonge vya dukani, maana mwezi uliopita vilikausha usaha kwa wiki nzima. "Mimi ni mama tu, nipo katikati yao. Wewe unasemaje?"

Nilimjibu kwa ufupi: kesho yake, Jumatatu asubuhi, kijana arudi kwa daktari aliyemwekea chuma, na vidonge vya dukani viachwe kabisa. Hata hivyo niliona kwamba jibu fupi halitoshi, kwa sababu swali hili si la nyumba moja. Ajali za pikipiki zimekuwa nyingi, na katika parokia zetu karibu kila jumuiya ina mtu mwenye chuma mguuni, pajani au nyongani. Basi, ndugu msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya chuma hicho, juu ya vijidudu vinavyokipenda, na juu ya jitihada za wataalamu duniani za kukivisha dawa kabla hakijaingia mwilini.

Chuma hiki ni cha namna gani?

Mfupa uliovunjika una uwezo wa kuunga wenyewe. Mwenyezi Mungu ameuumba hivyo. Kazi ya daktari ni kuunyosha na kuushika usicheze mpaka uunge. Zamani ulishikwa kwa vipande vya mbao na kwa plasta peke yake. Mwaka 1939, katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, daktari Gerhard Küntscher alianza kupitisha fimbo ndefu ya chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Mgonjwa aliyekuwa akilazwa kitandani kwa miezi aliweza kusimama mapema. Leo zipo pia fimbo za muundi, mabamba yenye skrubu, na viungo vya bandia vya nyonga na goti.

Vyuma hivi hutengenezwa hasa kwa madini ya namna mbili. Ya kwanza ni chuma cha pua kisichoshika kutu. Ya pili ni titaniamu. Titaniamu ina uzito unaokaribia nusu ya ule wa chuma cha pua, na haina ugumu mkavu kama wake, kwa hiyo hukaribia zaidi tabia ya mfupa. Inapoguswa na hewa hujivika yenyewe ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo huikinga isiliwe na maji ya mwili.

Wema wake kwa mfupa uligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, mtaalamu Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitumia vifaa vidogo vya titaniamu alivyovipachika mguuni. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kuvitoa avitumie tena, lakini havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota na kushikamana navyo kabisa. Kutokana na jambo hilo, mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titaniamu, na mgonjwa huyo alikaa nayo zaidi ya miaka 40. Leo titaniamu hutumika katika meno, nyonga, uti wa mgongo na mifupa mirefu.

Kwa hiyo wajomba wa kijana yule wana jambo moja la kujua. Chuma safi hakiozeshi mguu. Kinachoozesha ni vijidudu vilivyokaa juu ya chuma.

Kwa nini vijidudu hupenda chuma?

Kila mmoja wetu hubeba vijidudu juu ya ngozi. Kimojawapo huitwa stafilokokasi. Karibu mtu mmoja katika kila watatu hukibeba puani akiwa mzima kabisa. Kikiingia katika nyama yenye damu inayotembea vizuri, askari wa mwili hukizingira na kukimaliza. Lakini chuma hakina mishipa ya damu, wala askari hawawezi kupita ndani yake.

Mwaka 1957 wataalamu wawili wa London, Elek na Conen, walionyesha hatari hiyo kwa njia iliyo wazi. Waligundua kwamba ili ngozi ya mtu mzima kiafya itunge usaha, vilihitajika vijidudu hivyo kwa mamilioni. Lakini ngozi hiyohiyo ikiwa na uzi mmoja tu wa kushonea ndani yake, vilitosha mamia kadhaa. Ikiwa uzi mmoja unaweza kuwapunguzia adui kazi kiasi hicho, fikiri juu ya fimbo yenye urefu wa sentimita 30.

Tena vijidudu vikipata mahali pagumu pa kukaa havibaki kimojakimoja. Kila mama anayeteka maji anaufahamu ule utelezi unaoota ndani ya mtungi au pipa usiposuguliwa. Ukimwaga maji ukatia mengine, utelezi unabaki palepale. Ndivyo vinavyofanya juu ya chuma. Vinajenga utando wa ute, vinajifunika, na chini ya utando huo vinaishi polepole kama waliolala. Dawa inayoviua kwa urahisi vikiwa katika damu inaweza kuhitajika mara mia au hata mara elfu zaidi ili kuviua vikiwa ndani ya utando. Kipimo cha namna hiyo mwili wa mgonjwa hauwezi kukistahimili.

Sasa tunaelewa kwa nini vidonge vya dukani vilikausha usaha kwa wiki moja tu. Viliua vijidudu vilivyotoka nje ya utando, na vile vya ndani vikabaki. Dawa ilipokwisha vilitoka tena. Kibaya zaidi, vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa hujifunza kuishinda. Siku dawa hiyo itakapohitajika kweli, haitafanya kazi.

Mbio za kuwahi nafasi

Mwaka 1987 daktari wa mifupa wa Marekani, Anthony Gristina, alieleza jambo hili kama mbio. Chuma kinapoingia mwilini, wanaokiwania ni wawili: chembe hai za mwili na vijidudu. Atakayetangulia ndiye atakayekaa.

Tunaweza kulinganisha na mabenchi ya kanisa usiku wa Noeli. Familia iliyowahi imeketi, na anayechelewa husimama nje hata kama kelele zake ni kubwa. Chembe za mwili zikiwahi kukifunika chuma na mfupa ukashikamana nacho, kijidudu kitakachofika baadaye hakipati benchi. Lakini vijidudu vikitangulia na kujenga utando, chembe za mwili hazina pa kukaa. Saa na siku za kwanza ndizo zinazoamua mambo mengi.

Kwa msingi huo wataalamu wamejiuliza: je, hatuwezi kukivisha chuma vazi litakalowazuia vijidudu mlangoni mpaka mwili upate kukaa?

Mavazi ya dawa

Vazi la kwanza ni la kuusaidia mwili ukimbie haraka. Chuma hupakwa madini ya jamii ileile iliyomo katika mifupa yetu, yaitwayo haidroksiapatiti. Mfupa ukikutana nayo huyatambua kama ndugu na kuota juu yake upesi. Vazi hili limetumika katika nyonga za bandia tangu miaka ya 1980. Haliui kijidudu, bali linampa mwenye nyumba nguvu ya kuwahi.

Vazi la pili ni la dawa ya antibiotiki. Wazo lenyewe si geni. Karibu na mwaka 1970, daktari Buchholz wa mji wa Hamburg, Ujerumani, alianza kuchanganya antibiotiki katika saruji maalumu inayoshikilia nyonga ya bandia, ili dawa itoke polepole palepale inapohitajika. Baadaye ilitengenezwa fimbo ya muundi ya titaniamu iliyopakwa jentamaisini, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kama sindano. Jentamaisini huchanganywa na plastiki inayoyeyuka yenyewe mwilini, ya jamii ya nyuzi za kushonea ambazo hazitolewi. Sehemu kubwa ya dawa hutoka katika siku za mwanzo, wakati mbio ni kali. Fimbo hizi zimetumika Ulaya katika karne hii, hasa kwa watu waliovunjika muundi na kuwa na kidonda wazi, kama kijana wetu.

Vazi la tatu ni madini ya fedha, yaleyale ya pete na mikufu. Chembe ndogo sana za fedha zikiyeyuka katika maji ya mwili huharibu ganda la kijidudu na kuvuruga kazi zake za ndani. Katika mji wa Münster, Ujerumani, madaktari wanaowatibu wagonjwa wa saratani ya mifupa walilazimika kukata sehemu kubwa ya mfupa na kuweka chuma badala yake. Katika wagonjwa 74 waliowekewa titaniamu tupu, 13 walipata maambukizo. Katika 51 waliowekewa titaniamu iliyovishwa fedha, walipata 3. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2010. Idadi ya wagonjwa ni ndogo, kwa hiyo haiwezi kumaliza mjadala, lakini inatia moyo.

Vazi la nne ni iodini, ile dawa ya rangi ya kahawia inayopakwa vidonda katika kila zahanati. Daktari Hiroyuki Tsuchiya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kanazawa, Japani, waliifanya ngozi ya titaniamu iwe na vitundu vidogo mno kwa nguvu ya umeme, kisha wakaijaza iodini. Mwaka 2012 walitoa taarifa ya wagonjwa 222 waliowekewa vyuma hivyo. Baadhi walikuwa tayari na maambukizo, na wengine walikuwa katika hatari kubwa ya kuyapata.

Vazi la tano bado lipo katika vyumba vya uchunguzi, nalo linatukumbusha hekima ya Muumba. Mwaka 2013 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba bawa la kereng'ende huua bakteria bila dawa yoyote. Juu ya bawa hilo mna miiba midogo isiyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Kijidudu kikitua hapo, ganda lake hunyoshwa na kupasuka. Sasa wapo wanaojaribu kuiotesha miiba ya namna hiyo juu ya titaniamu. Faida inayotarajiwa ni kwamba itakuwa vigumu kwa kijidudu kuizoea miiba kama kinavyoizoea dawa.

Tusidanganyike

Wapendwa wasomaji, habari hizi ni njema, lakini tuzipime kwa kiasi. Vazi la antibiotiki huisha. Likiisha, chuma hubaki kama chuma kingine. Dawa ikitoka kidogokidogo kwa muda mrefu kupita kiasi, huwafunza vijidudu kuizoea. Fedha ikizidi inaweza kuzidhuru chembe za mwili zenyewe, na ndiyo maana katika vyuma vile vya Münster ile sehemu inayoingia ndani ya mfupa haikupakwa. Vazi jembamba linaweza kukwaruzika fimbo inapogongwa kuingia. Tena lipo suala la bei. Chuma kilichovishwa dawa ni ghali kuliko chuma tupu, na hospitali nyingi za ukanda wetu hazinacho.

Zaidi ya hayo, hakuna vazi linaloweza kuchukua nafasi ya usafi. Historia inatuonyesha hivyo. Agosti 1865, katika mji wa Glasgow huko Scotland, mvulana wa miaka 11 alikanyagwa na gurudumu la mkokoteni, akavunjika mguu na kupata kidonda wazi. Siku zile wengi wa namna hiyo walikatwa mguu au walikufa. Daktari Joseph Lister alimsafisha na kumfunga kitambaa chenye dawa ya kaboliki. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga, na kidonda hakikuoza. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa, itakuja mwaka 1928.

Vivyo hivyo daktari John Charnley, aliyekuwa akiweka nyonga za bandia huko Wrightington, Uingereza, aliona kwamba karibu wagonjwa 7 katika kila 100 walipata maambukizo. Hakubadili chuma. Alisafisha hewa ya chumba cha upasuaji na kuboresha mavazi ya wapasuaji. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 walioambukizwa walipungua hadi chini ya mmoja katika kila 100.

Na wakati ni dawa yenyewe. Mwaka 1974 daktari Patzakis na wenzake wa Los Angeles, Marekani, walitoa taarifa juu ya watu waliovunjika mifupa wakiwa na kidonda wazi. Kati ya wale ambao hawakupewa antibiotiki, karibu 14 katika kila 100 walipata maambukizo. Kati ya waliopewa aina iliyofaa zaidi, walikuwa 2 na kidogo katika kila 100. Hakuna fimbo ya kifahari iliyohusika. Ilikuwa dawa ya kawaida iliyotolewa hospitalini.

Na hapa kwetu?

Katika Tanzania, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996 huko Dar es Salaam, imekuwa mahali pa matibabu na pia pa utafiti. Mwaka 2020 madaktari wake na wenzao wa Marekani walitoa taarifa ya jaribio lililolinganisha njia mbili za kutibu muundi uliovunjika kwa kidonda wazi: fimbo ya ndani, na vyuma vya nje vinavyotokeza kwenye ngozi. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakutofautiana sana katika idadi ya waliofariki au waliohitaji kurudiwa upasuaji kwa sababu ya maambukizo au mfupa kuunga vibaya. Madaktari hao pia walianza kuchunguza njia nyepesi zaidi: kutia jentamaisini moja kwa moja ndani ya kidonda wakati wa upasuaji. Dawa hii ni ya bei nafuu na inapatikana. Ikithibitika kufaa, itamfikia maskini ambaye chuma kilichovishwa dawa hakiwezi kumfikia.

Tuongeze kwamba fimbo nyingi zinazotumika katika nchi maskini ni za chuma cha pua. Shirika liitwalo SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle katika mji wa Richland, Marekani, hupeleka fimbo zinazoweza kuwekwa hata mahali ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Maelfu kwa maelfu wametembea tena kwa fimbo hizo. Kwa hiyo mtu asivunjike moyo akisikia kwamba chuma chake si titaniamu. Chuma chochote kilichowekwa kwa usafi na kutunzwa vizuri kinafanya kazi yake.

Yaliyo mikononi mwetu

Vazi la dawa ni kazi ya wataalamu. Lakini katika mbio hizi familia pia ina sehemu yake, na mara nyingi ndiyo inayoamua.

Ajali inapotokea na mfupa umetoboa ngozi, kifunikeni kidonda kwa kitambaa kisafi kabisa mlicho nacho. Msirudishe mfupa ndani. Msitie udongo, majani, mavi ya ng'ombe, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Fungeni mguu pamoja na ubao au fimbo usicheze, na mpelekeni majeruhi hospitali saa hiyohiyo. Ulizeni juu ya sindano ya pepopunda. Msipitie kwanza kwa fundi wa mifupa. Wazee hawa wengine wana mikono mizuri, nasi tunawaheshimu, lakini mfupa uliotoka nje si wa kukandwa. Kila saa inayopotea ni nafasi ya vijidudu kutangulia.

Kabla ya upasuaji, kama hali inaruhusu, mgonjwa aoge mwili mzima kwa maji na sabuni. Asinyolewe nywele za mguu kwa wembe nyumbani, kwa kuwa wembe huacha michubuko midogo ambamo vijidudu hujificha. Shirika la Afya Duniani lilikataza jambo hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2016. Mwongozo huohuo unasema antibiotiki ya kinga itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi. Si utovu wa adabu ndugu kuuliza: "Daktari, je, mgonjwa wetu ameshapewa dawa ya kinga?"

Baada ya upasuaji, nawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, na wageni wasikifunue kidonda kukitazama. Bandeji ibadilishwe na mhudumu au kama alivyoelekeza. Mgonjwa ale maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda, maana mfupa haujengwi kwa ugali mtupu. Aache sigara, kwa sababu moshi hupunguza damu inayokwenda penye mfupa na kuchelewesha kuunga. Mwenye kisukari ahakikishe sukari yake imetulia. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asiziache hata siku moja.

Rudini hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki mkiona mojawapo ya dalili hizi: kidonda kinachotoa usaha au maji yasiyoisha, wekundu na joto linaloenea, maumivu yaliyokuwa yamepungua na sasa yanazidi, homa, au kitundu kinachofunga na kufunguka penye kovu. Dalili ya mwisho ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu haiumi sana. Inaweza kutokea miezi au hata miaka baada ya upasuaji.

Na je, chuma kitolewe? Hili ni swali la daktari, na jibu hutofautiana. Mfupa ukiwa umeshaunga, mara nyingi chuma hutolewa na mahali pakasafishwa. Ukiwa bado haujaunga, kuking'oa chuma na kuuacha mguu ukicheza huongeza balaa, kwa sababu mfupa unaocheza huponya maambukizo kwa shida. Hapo daktari anaweza kusafisha na kukiacha, au kukibadilisha. Atachukua pia nyama au usaha wa ndani kupeleka maabara, ili dawa ichaguliwe kwa kijidudu chenyewe wala si kwa kubahatisha. Matibabu huchukua wiki sita au zaidi. Habari ya faraja ni kwamba utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri vinaweza kufanya kazi sawa na dawa za mshipani katika wiki hizo sita. Lakini vimezwe vyote, mpaka cha mwisho.

Msamaria hakuishia njiani

Katika jumuiya zetu tunajua kuchanga siku ya ajali. Siku hiyo fedha hupatikana, gari hupatikana, na watu hujaa wodini. Tatizo ni mwezi wa tatu na wa nne. Mgonjwa ana tarehe ya kliniki lakini hana nauli, bodaboda iliyomlisha imekuwa chuma chakavu, na aibu inamzuia kuomba tena. Ndipo anapobaki nyumbani, anakwenda duka la dawa, na kitundu kinaendelea kutoa usaha.

Yule Msamaria wa Injili ya Luka alisafisha majeraha kwa divai na mafuta, akayafunga, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake na kumfikisha nyumba ya wageni. Lakini hakuishia hapo. Alilipa, na akaahidi kurudi kumalizia deni. Basi jumuiya iliyochanga siku ya ajali na iandike katika daftari lake tarehe za kliniki za mgonjwa wake, na nauli ya kila tarehe. Pengine fedha hiyo ndogo ndiyo itakayouokoa mguu.

Kijana wa mama yule alirudi hospitali Jumatatu ile. Eksirei ilionyesha mfupa haujaunga bado. Walimsafisha, wakaitoa fimbo ya zamani na kuweka nyingine, na maabara ikapata kijidudu na dawa yake. Baba alikubali, ingawa kwa shingo upande. Wajomba walichanga nauli. Jumapili iliyopita nilimwona kijana akiingia kanisani kwa magongo mawili, mama yake nyuma akiwa amebeba mfuko wenye vidonge. Bado ana wiki mbili za dawa. Kitundu kimefunga, na safari hii tunangoja tuone kama kitabaki kimefunga. Tumwombee, naye asisahau tarehe ya kliniki.